A Moja Iliyozidi Jaladani

Kuna kuchapa kwa aina mbili, na mimi nimefanya zote mbili. Kwa moja niliandikwa kazi, kwa nyingine nikafukuzwa. Kuchapa vitabu ndiko kulikonilisha miaka ishirini na sita hapa Nairobi. Kuchapa watu kulinifukuzisha mara tatu kabla sijafika kwenye kile kiwanda kidogo cha Shauri Moyo ninachotaka kuwasimulia. Mara ya kwanza nilimchapa mnyapara. Mara ya pili sikumgusa mtu, nilimwambia maneno tu, lakini kwa maneno yale heri ningemchapa. Ya tatu tuiache.

Nawaandikia ninyi vijana wa vibanda vya mtaa wa Pipeline, mnaokaa chini ya yale maghorofa na kuwachapishia watu kadi za harusi na programu za mazishi. Mwezi uliopita nilikuja kwa mmoja wenu na programu ya rafiki yangu marehemu. Ikatoka imeandikwa, "Tulimpenda sana, lakini Mungu akampanda zaidi." Kijana akailaumu kompyuta. Nikamwambia taratibu, mwanangu, rudisha ile E nyumbani kwake tuchape upya. Akanishangaa kwa sababu mteja aliyenitangulia alikuwa amepiga meza ngumi. Jothamu wa zamani, yaani mimi wa siku zile, angeipindua hiyo meza, na kijana mwenyewe angekuwa chini yake. Basi kaeni niwaambie Jothamu huyo alikwenda wapi.

Siku zile, miaka ya sabini, herufi ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikuwa kipande cha madini ya risasi, kidogo kama jino la mtoto, na kichwani ina sura ya herufi iliyogeuzwa. Unasimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, kila herufi na chumba chake. Mkono wa kulia unaokota, wa kushoto umeshika kibao cha chuma cha kupangia. Ukishapanga ukurasa unapaka wino na kutoa karatasi moja ya kujaribu. Hiyo tuliiita prufu. Msahihishaji anaisoma, anazungushia kosa kwa penseli, anakurudishia. Unarekebisha, ndipo mpiga mashine anachapa zote.

Sasa, sanduku lile liliundwa Ulaya kwa ajili ya Kizungu, na Kizungu hakina njaa ya A kama Kiswahili. Andika "alikataa kabisa" uone. Maneno mawili, A sita. Kufika ukurasa wa pili A zimeisha, na inabidi ungoje kurasa zilizochapwa zivunjwe, herufi zioshwe kwa mafuta ya taa, zirudishwe vyumbani mwao. K nazo ndiyo usiseme. Q ndizo tulikuwa nazo za kumwaga, sijui za kumwandikia nani. Kwa hiyo katika kiwanda chetu A ilikuwa mali, na watu wazima wenye wake na watoto walifichana A.

Na jambo jingine mlijue. Mpanga herufi hasomi. Anaona herufi, haoni neno. Mimi nimepanga mahubiri mazima bila kujua yanahusu nini, nikienda kanisani Jumapili nasikia kama mapya.

Msahihishaji wetu alikuwa Mwalimu Gideoni, mzee wa Murang'a, mgane, aliyestaafu ualimu na kukaa chumba kimoja hapo hapo Shauri Moyo. Asubuhi alisahihisha prufu zetu. Mchana aliandika kijitabu chake mwenyewe, miaka mingi aliandika, na hatimaye meneja akakubali kukichapa. Kiliitwa Sala Bila Kukoma. Kilihusu wazee wa jangwani. Zamani, kanisa likiwa bado changa, watu wengi kule Misri, wanaume kwa wanawake, waliiacha miji wakaenda kukaa jangwani, kila mtu na kijumba chake. Hawakwenda kulala. Walisokota kamba na kusuka vikapu vya majani ya mitende, na mikono ikisuka, mdomo unarudia sala fupi moja, ile ile, mchana kutwa, mwaka hadi mwaka. Mwisho sala inahama mdomoni inaingia kwenye pumzi. Na hapo mtu anageuka, alisema Mwalimu. Mchoyo anajikuta amekwisha gawa mkate kabla hajafikiri. Mwenye hasira anatukanwa, anaitafuta hasira pale ilipozoea kukaa, haioni.

Alinishauri nijaribu. Ukiokota herufi sema "Bwana", ukiipanga sema "nihurumie". Nikamcheka. Nikamwambia hiyo ni sala ya kasuku. Mimi nimetoka Vihiga, kwetu tunaomba kwa ngoma na sauti, na pale Ziwani nilipokaa niliomba mpaka majirani wakajua mahitaji yangu yote. Kuna jirani alimwuliza mke wangu Rodah kama lile gunia la mahindi tuliloomba lilishafika. Isitoshe, hilo jangwa liko wapi? Kiwanda chetu kilipakana na mafundi wa mabati, watengenezaji wa masanduku ya bati, nyundo kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwalimu akasema jangwa si kimya.

"Jangwa ni mahali usipokuwa na mtu wa kumlaumu," alisema.

Nikamwambia basi mimi sitafika huko maana nina Ndegwa. Ndegwa alikuwa mpiga mashine wetu, mtu wa ulimi, asiyeacha neno lianguke bila kulidaka.

Sasa mjue pia hali ya nyumbani kwangu. Siku niliyoandikwa kazi hiyo ya nne, Rodah alivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, akapanga ndani yake nguo zake na za watoto wetu wanne, akaliweka karibu na mlango. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Baba Agneta, ukifukuzwa tena kwa mdomo wako, sisi tunarudi Vihiga." Na meneja naye aliniambia siku ile ile kwamba habari zangu amezisikia, na nikiinua mkono au sauti nitajua njia. Nilikuwa natoka asubuhi nikilipita lile sanduku, narudi jioni nalikuta. Niliwaambia hata wenzangu kazini, nikifanya mzaha, lakini moyoni niliogopa kweli.

Basi ikafika siku ya jalada. Herufi kubwa za majalada zilikuwa na sanduku lao dogo, na humo A zilikuwa sita tu. Nikazihesabu asubuhi, tano. Hasira ikanipanda. Jana yake Ndegwa alikuwa amechapa bango la mavuno la kanisa fulani, kwa hiyo mwizi nilikuwa nimempata bila polisi.

Ndegwa akaniuliza jalada langu linahitaji A ngapi. Nikahesabu, nne. Akaniuliza sasa hapo ninazo ngapi. Kuulizwa swali la akili wakati umekasirika ni kumwagiwa petroli. Niliongea asubuhi nzima. Niliongea nikipanga, niliongea nikipaka wino, niliongea nikitoa prufu. Mwalimu akaichukua prufu, akaisoma, akanirudishia. Nikaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi. Nikamwambia Ndegwa achape. Naye kwa hasira yake akachapa bila kuangalia. Nilisema chapa, akachapa. Kufika saa sita, majalada mia nane ya karatasi ngumu ya manila, ya kijani, yalikuwa yamepangwa mezani, yananuka wino mbichi.

Meneja akapita, akachukua moja, akalisoma kwa sauti. "Sala Bila Kukomaa."

Nilikuwa na A tano, nikahitaji nne, nikazipanga zote tano. Kile chumba cha A kilipobaki kitupu ningejua, mtoto wa shule angejua. Lakini nilikuwa nashughulika kutafuta A iliyoibwa.

Ndegwa akasema polepole, "Na ati penye wazee haliharibiki neno."

Meneja akauliza prufu ilisemaje. Hapo nikaliona lile sanduku mlangoni kama nimesimama mbele yake. Nikasema prufu ilipita safi, haikuwa na alama hata moja, Mwalimu hakuona, macho yake hayafai tena kazi hii. Nilisema kwa sauti mpaka nyundo za majirani zikanyamaza. Wala sikujua kama ninasema uongo. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Sikuwa nimeiangalia ile karatasi, na nikaapa kama mtu aliyeisoma.

Mwalimu alinitazama kitambo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Kisha akamgeukia meneja.

"Macho yamezeeka, Bwana," akasema. "Nibebeshe mimi."

Meneja akambebesha kweli. Alimwambia aende apumzike, prufu atasoma mtu mwingine, na hicho kijitabu kiwekwe pembeni. Mwalimu akachukua kofia na penseli yake. Aliniaga kwa mkono kama kila siku. Mimi nilirudi Ziwani jioni ile nikajisifu kwa Rodah jinsi nilivyoponea chupuchupu, na jinsi yule mzee asiyeona alivyotaka kunimaliza.

Rodah alifua aproni yangu kila Jumamosi, na hafui nguo bila kupekua mifuko. Nilikuwa nanywa chai. Akaja akaweka vitu viwili mezani, karatasi iliyokunjwa na kipande cha risasi. Kipande kile kilikuwa A. Ile ya sita. Niliitia mfukoni mwenyewe, sikumbuki lini, labda siku ya kuosha herufi. Na karatasi ilikuwa prufu. Ile A ya mwisho imezungushiwa duara safi la penseli, na pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la tatu, imeandikwa: A moja imezidi, ndugu yangu.

Rodah alikuwa amekwisha kuisoma. Akaniuliza, "Huyu si yule mzee uliyesema haoni?"

Sikumaliza ile chai. Nilitembea kutoka Ziwani mpaka Shauri Moyo na ile karatasi mkononi, nikamkuta Mwalimu ameketi nje ya chumba chake anachambua maharagwe kwenye ungo. Akanisogezea kigoda. Akausogeza na ungo katikati yetu, nikaanza kuchambua naye kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mwishowe nikaiweka prufu juu ya maharagwe.

"Ulijua, Mwalimu."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasema wewe."

Akaendelea kutoa mawe. Kisha akaniambia nisije nikamfanya malaika. Siku ile alikasirika kweli. Miaka ya kazi yake iko mezani, na mtu anamwita kipofu. Neno la kunimaliza lilikuwa tayari kwenye ulimi, lilikuwa fupi tu: angalieni mfukoni mwake. Akaanza ile sala yake ndani kwa ndani. Bwana, nihurumie. Mara ya kwanza akaona kijitabu chake tu. Mara ya tano akaona aibu yake. Alisema kama mara ya kumi hivi, akaniona mimi.

"Nikaona sanduku la mama watoto, lile ulilotuambia," akasema. "Hasira ilikuwepo, Jothamu. Ila nilikuwa na nafasi ya kuizunguka."

Nililia. Naliandika hivyo hivyo bila kulipaka sukari, mwanamume mzima nililia juu ya ungo wa maharagwe, watu wakipita na mizigo yao ya soko la Gikomba. Mwalimu hakunibembeleza. Aliniambia nisiyalowanishe, yataota.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Rodah kwamba nakwenda kusema, na nikishasema, huenda sanduku likasafiri. Akanifunga kifungo cha shati. Akasema, "Nenda."

Nilimwekea meneja prufu mezani, na ile A ya sita juu yake, nikaeleza yote mbele ya Ndegwa. Meneja aliisoma. Nilikuwa nimeshavua aproni na kuikunja. Akachukua jalada moja, akalipeleka dirishani, akapitisha kidole juu ya lile neno. Alisema nina bahati, A ya ziada iko mwisho. Nitaikwangua kwa wembe, majalada yote mia nane, moja moja. Mwalimu atarudi kazini leo hii, nimlete mimi mwenyewe. "Na siku utakayoinua sauti kabla hujamaliza," akasema, "usije kesho yake."

Vijana, hamjui kukwangua. Wembe unalazwa, hausimamishwi. Unafuata mkondo wa karatasi, kwa sababu karatasi ina upande inaokwenda kama ubao. Unavuta kidogo, unapuliza vumbi, unavuta tena. Usifute kwa kidole, jasho litaueneza wino. Ukimaliza unasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka manila ilale. Kumi la kwanza nilitoboa manne. Nikahisi moto unapanda, nikainua kichwa kumtafuta wa kumkasirikia. Ndegwa alikuwa kwenye mashine yake na shughuli zake. Wembe niliununua mwenyewe. A niliipanga mwenyewe. Nilizungusha macho kiwanda kizima, sikupata mtu. Nyundo za mabati zilikuwa zinapigwa kama kawaida, na nikaelewa nimefika jangwani.

Basi nikaanza, kwa kukosa la kufanya. Kuvuta wembe, "Bwana". Kupuliza, "nihurumie". Kasuku kamili. Siku ya kwanza ilikuwa maneno tu, hata yalinichosha. Siku ya pili Mwalimu alivuta kiti, akatoa wembe wake, akakaa ng'ambo ya meza. Kosa halikuwa lake. Tulikwangua. Ilikuwa siku ya tatu au ya nne, sikumbuki, nilipogundua kwamba sisemi tena na bado sala inaendelea, iko kwenye kupuliza. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Niliona tu kwamba mabega yangu yameshuka. Nilikuwa nimeyabeba juu tangu ujana bila kujua.

Siku ile ile Ndegwa alipita akasema, "Penye wazee wawili na nyembe mbili." Nikaingojea hasira ije. Ilikuja, lakini ilichelewa kidogo, na kabla haijafika nilikuwa nimeshacheka. Nikatoa ile A ya sita, ambayo meneja alikuwa amenirudishia, nikampa mkononi, nikamwambia nilimwita mwizi na mwizi nilikuwa mimi, anisamehe. Ndegwa akaenda kuirudisha ile A chumbani mwake sandukuni. Saa ya chakula alikuja na wembe, akatukwangulia hamsini.

Msifikiri niligeuka siku hiyo nikawa mtakatifu. Niliwahi kumfokea fundi bomba miaka kadhaa baadaye hata akasahau vyombo vyake. Lakini sikufukuzwa tena. Katikati ya miaka ya themanini mashine mpya zikaja, herufi zikawa za kupigwa picha, na risasi zetu zikauzwa kwa kilo. Mimi nikajifunza kazi upya nikiwa na mvi, kwa sala ile ile, maana kwenye mashine mpya nako kuna kuvuta pumzi.

Tulipobakiza jalada moja, Mwalimu aliniwekea mkono juu yake. Akasema hilo tuliache, ni lake. Ameomba zaidi ya miaka thelathini na bado hajakomaa, angalau jalada moja liseme kweli. Alilibandika ukutani mpaka alipofariki, binti yake akaniletea. Ninalo hapa. Wageni wakija huniambia kwa upole kuwa pana A imezidi. Nawaambia najua, niliipanga mwenyewe.

Lakini sijawaambia la sanduku. Ile kazi ya kukwangua ilikwisha siku ya Ijumaa. Nikarudi Ziwani, vidole vimekatwakatwa, na mlangoni hapakuwa na kitu. Nikadhani wameondoka. Nikaingia ndani mbio, nikalikuta limerudishwa chini ya kitanda. Nikalivuta, nikalifungua, nikakuta limejaa mahindi mpaka juu.

Nikamwuliza Rodah nguo ziko wapi. Alikuwa anakoroga ugali, hata hakugeuka.

"Ziko kabatini," akasema. "Kwani zinakwenda wapi?"